Nani Anafaa Kuuguza? Karne Moja ya Swali Moja, Kutoka Chogoria hadi Kiirua

Katika Meru ya kabla ya hospitali, msichana ambaye hajazaa hakuwa na nafasi katika nyumba ya mwanamke anayejifungua. Kazi ile ilikuwa ya akina mama waliokwisha kupitia uchungu wenyewe, wenye watoto na heshima kijijini, waliojifunza kwa kuwatazama waliowatangulia. Msichana alikaa nje. Aolewe kwanza, azae kwanza, ndipo aitwe kusaidia. Wazee hawakuliona jambo hilo kuwa ubaguzi. Kwao, atakayemshika mwenzake wakati wa uchungu sharti awe anaujua uchungu.

Leo, katika shule ya uuguzi ya Hospitali ya Misheni ya St. Theresa huko Kiirua, mwanafunzi aliyetoka kidato cha nne juzijuzi huvaa sare na kuingia leba wodi kama sehemu ya masomo yake. Pengine ni msichana, pengine ni mvulana. Mara nyingi hana mume wala mke, hana mtoto, na damu ya kwanza kuiona kwa wingi ni ile iliyo mbele yake. Mama anayejifungua humwita sista au daktari, na humkabidhi maisha mawili kwa pamoja.

Kati ya msichana aliyewekwa nje na mwanafunzi aliyekaribishwa ndani kuna takriban miaka mia moja ya mabishano kuhusu jambo moja: ni nani anayefaa kumhudumia mgonjwa? Vijana wa Meru na Embu wanaojaza fomu za vyuo kila mwaka hujiuliza swali hilo kwa namna yao, kila mmoja akitaka kujua kama uuguzi ni kazi itakayomfaa. Wengi hudhani ni swali la moyoni, la mtu na nafsi yake. Historia ya eneo hili inaonyesha vingine. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo swali lilijibiwa na watu wengine kwa niaba yao: wazee, wamisionari, matroni, serikali, mtihani. Kila mmoja aliacha kipimo chake, na vipimo hivyo vyote bado vinampima kijana wa leo, hata pale asipojua vilikotoka.

Kiirua yenyewe iko Buuri, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, mahali ambapo mashamba ya viazi, ngano na maharagwe yanaanza kuteremka kuelekea nyika kavu za Isiolo. Ni nchi ya mpakani. Mkulima Mmeru na mfugaji Mborana, Msamburu au Mturkana wanaweza kukaa benchi moja wakimsubiri daktari, na muuguzi anayewapokea hana budi kuelewana nao wote. Hospitali iko chini ya Jimbo Katoliki la Meru. Wala si ya pekee kwa mafunzo. Nkubu kuna hospitali ya Kikatoliki ya Consolata yenye shule ya uuguzi. Chogoria kuna ya Kanisa la Presbiteri. Maua, kwenye vilima vya Nyambene, kuna ya Wamethodisti. Kyeni, upande wa Embu, kuna Consolata nyingine. Ukiongeza kampasi za chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC, zilizo Meru na Embu, utaona kwamba mteremko wa mlima mmoja umekuwa kitalu cha wauguzi.

Sababu za wingi huo zinaanzia mwanzo wa karne ya 20, madhehebu yalipogawana mlima. Waanglikana wa chama cha kimisionari cha CMS waliingia Embu mwaka 1910, na daktari wao, T. W. W. Crawford, akaanzisha kituo Kigari. Wamisionari wa Consolata walifika Meru mwaka 1911. Mwaka 1912 Wamethodisti, wakiongozwa na Mchungaji R. T. Worthington, walipiga kambi Kaaga. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1922, Daktari Archibald Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika Chogoria pamoja na mkewe, akisaidiwa kwa fedha na baba mkwe wake, Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi. Kila kundi lilikuja na Biblia, ubao wa kuandikia na sanduku la dawa, na mara nyingi sanduku la dawa ndilo lililovuta watu kwanza.

Miaka ya 1920 kilichojaza vibaraza vya hospitali na zahanati za Kenya kilikuwa buba. Ugonjwa huo wa vidonda uliwasumbua watoto na watu wazima katika nchi zenye joto na unyevu, na sindano mpya za wakati ule ziliukausha kwa kasi ambayo hakuna dawa ya awali iliyoweza. Watu walitembea masafa marefu kuitafuta sindano. Daktari mmoja hakuweza kuosha vidonda vyote, kufunga bendeji zote, kutafsiri kila neno la mgonjwa na kulinda wodi usiku. Alihitaji mikono.

Mikono ya kwanza ilikuwa ya wanaume.

Jambo hili husahaulika leo, ambapo takriban asilimia 90 ya wauguzi duniani ni wanawake na baadhi ya wazazi bado hushtuka mtoto wao wa kiume akisema anataka kusomea uuguzi. Katika hospitali za misheni na za serikali za Kenya ya wakati huo, aliyesafisha kidonda, kumgeuza mgonjwa kitandani na kubeba ndoo ya choo alikuwa kijana wa kiume aliyeitwa dresa. Sababu haikuwa falsafa yoyote kuhusu wanaume na huruma. Wavulana ndio waliopelekwa shule za misheni kwanza, ndio waliojua kusoma lebo ya chupa, na ndio ambao wazazi wao waliweza kuwaruhusu kulala mbali na nyumbani. Serikali ilipoanza mafunzo ya utabibu Nairobi mwaka 1927, chimbuko la KMTC ya leo, waliolengwa walikuwa vijana wa namna hiyohiyo. Kipimo cha kufaa kilikuwa rahisi: ajue kusoma, awe mtiifu, asiogope damu. Kwa misheni kiliongezwa cha nne, awe amebatizwa au yuko njiani kubatizwa.

Kwa hiyo wazo kwamba uuguzi ni kazi ya kike kwa maumbile, katika sehemu hii ya dunia, ni changa kuliko hospitali zenyewe.

Wasichana walichelewa, na kuchelewa kwao ndiko kunakoeleza mengi. Ili msichana awe muuguzi ilimbidi alale bwenini, aahirishe ndoa, na ashike miili ya watu wasio wa ukoo wake. Kila moja ya hatua hizo iligusa jambo ambalo wazee walilihesabu kuwa lao. Mahari ilihusika, irua, yaani tohara, ilihusika, jina la familia lilihusika. Mwaka 1929 makanisa ya Kiskoti yalipowataka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana, mgogoro ulilipuka katika eneo zima la mlima, na Chogoria ilipoteza sehemu kubwa ya waumini wake. Katika hali hiyo, msichana aliyekwenda kukaa misheni alionekana amechagua upande katika ugomvi wa watu wazima, hata kama alichotaka ni kujifunza kazi tu.

Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeandika kitabu kizima kuhusu siasa za uzazi katika Meru ya ukoloni, anaonyesha jinsi suala la wakunga lilivyogeuka uwanja wa mvutano miaka ya 1930. Maofisa wa serikali walihofia kwamba watu wa Meru hawaongezeki. Wamisionari walitaka uzazi utolewe mikononi mwa wakunga wa jadi. Baraza la Wenyeji likatumia kodi za watu kwa huduma za uzazi. Fedha zilipatikana, na vitanda pia. Kilichobaki kigumu kilikuwa kile cha mwanzo kabisa: nani aingie chumbani? Wakufunzi walimtaka msichana anayejua kusoma, na msichana anayejua kusoma alikuwa yuleyule ambaye kwa desturi alipaswa kukaa nje. Akina mama wengi wa Meru waliona ni aibu kuzalishwa na mtoto. Wa kwanza kukubali kulazwa walikuwa hasa wake wa waumini wa misheni, na polepole, matokeo yalipoonekana, wengine wakafuata.

Kwa jirani mambo yalikwenda kasi zaidi. Huko Kampala, Katharine Cook, muuguzi aliyefika Uganda mwaka 1897, alianza kuwafundisha wasichana ukunga baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1921 shule ya ukunga ya Lady Coryndon ikafunguliwa Namirembe. Uganda ikapata wakunga wenye vyeti wakati wilaya nyingi za Kenya bado zinabishana kama msichana anaweza kulala hospitalini bila kuharibikiwa.

Upande wa Wakatoliki, kipimo kilikuwa na jina lake: wito. Masista wa Cottolengo waliwatangulia wenzao kufika Kenya, mwaka 1903, na masista wa Consolata wakaja mwaka 1913. Walioamua kazi hii ni ya nani hawakuanza na cheti. Walianza na nadhiri. Mfano wake mkubwa ni Sista Irene Stefani, Mwitaliano aliyefika Kenya mwaka 1915 akiwa kijana. Wakati wa vita alitumwa kwenye hospitali za wapagazi, Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, ambako maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu. Alisafisha vidonda vyao na kuwatafuta waliodhaniwa wamekufa. Baada ya vita alirudi Nyeri, akafundisha na kuuguza Gikondi, na watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa alipokuwa akimhudumia mgonjwa. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mjini Nyeri mwezi Mei 2015, mbele ya umati mkubwa uliojaa watu kutoka majimbo yote ya mlimani.

Simulizi hiyo bado ina nguvu katika shule za Kikatoliki za Meru na Embu, na inastahili. Lakini iliacha pia kipimo kizito kwa walioifuata. Mtu akiambiwa tangu siku ya kwanza kwamba muuguzi wa kweli hajihesabii gharama, atapata tabu kuuliza kuhusu mshahara, zamu, glavu au likizo bila kujiona msaliti. Sista mwenye nadhiri ana jumuiya inayomlisha na kumtunza uzeeni. Muuguzi mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba hana. Kwa miongo mingi watu hao wawili walipimwa kwa mizani moja.

Kipimo kingine kililetwa na matroni. Shule ya uuguzi ya Florence Nightingale, iliyofunguliwa katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, ilieneza mtindo ambao makoloni ya Uingereza yaliupokea karibu kama ulivyo: mwanafunzi anajifunza kwa kufanya kazi wodini, anaishi bwenini, na anaamrishwa na msimamizi mmoja asiyepingwa. Mtindo huo ulijibu shida mbili kwa mpigo. Hospitali ilipata wafanyakazi, mwanafunzi akapata ujuzi. Hapa ndipo ilipo sababu ya pili ya wingi wa shule za uuguzi mlimani: hospitali ya misheni yenye fedha kidogo iliweza kuendesha wodi zake ikiwa wanafunzi wapo, na kila shule iliyosimama ilizalisha wauguzi wa kuendesha zahanati ndogo zilizoizunguka. Shule ya Chogoria ilikuja kubeba jina la Clive Irvine mwenyewe. Sherehe ya kuvishwa kofia, mishumaa mikononi, na Ahadi ya Nightingale, iliyotungwa Detroit mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, ikawa siku ambayo wazazi hufunga safari kutoka vijijini kuja kuishuhudia.

Aliyefaa, kwa macho ya matroni, ni yule aliyekunja shuka kwa pembe sawa, akafika zamu kabla ya saa, asiyejibu. Nidhamu hiyo iliokoa maisha. Wodi ambayo chati haikuandikwa, au dripu haikukaguliwa, huua watu kimyakimya. Ila ilifundisha pia kunyamaza, na wauguzi wengi wa kizazi hicho walistaafu bila kuwahi kuulizwa maoni yao kuhusu mgonjwa waliyekaa naye usiku kucha.

Mwaka 1949 sheria ya kusajili wauguzi na wakunga ilitungwa Kenya, na uuguzi ukapata daftari rasmi. Muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali ya King George VI jijini Nairobi, ambayo sasa ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilianza kuwaandaa Waafrika kuwa wauguzi wasajiliwa. Chini ya ngazi hiyo kulikuwa na ya wauguzi waandikishwa, wengi wao wakitoka shule za misheni za mikoani, waliokuwa na masomo machache na mshahara mdogo. Wauguzi wawili wa ngazi hizo waliweza kufanya kazi ileile usiku mmoja katika wodi moja, mmoja akiwa na mlango wa kupanda cheo na mwingine hana. Kwa wasichana wa Meru na Embu waliokuwa na darasa la nane au chini yake, ngazi ya pili ndiyo iliyokuwa wazi.

Uhuru ulibadili sura za walioshika madaraka. Eunice Muringo Kiereini akawa Afisa Mkuu wa Uuguzi wa Kenya, na mwaka 1981 alichaguliwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, akakishikilia hadi 1985. Kwa msichana aliyekuwa akisoma Nkubu au Maua wakati huo, habari hiyo ilikuwa na maana ya moja kwa moja. Kazi ambayo wazazi wake waliijua kama ya kubeba bakuli na kukaa kimya ilikuwa imemfikisha Mkenya kuongoza wauguzi wa dunia. Mwaka 1983 Sheria ya Wauguzi ikaunda Baraza la Wauguzi la Kenya, na wauguzi wakaanza kusimamia wenyewe mlango wa kuingilia taaluma yao.

Miaka hiyohiyo, Chogoria ilionyesha kwamba muuguzi anaweza kutoka wodini kabisa. Hospitali ilisambaza zahanati ndogo vijijini, ikawaweka wauguzi humo, na kuwafundisha wanavijiji wa kujitolea kuwatembelea majirani zao nyumba kwa nyumba. Walizungumza kuhusu chanjo, maji safi na kupanga uzazi. Utafiti wa mwaka 1985 ulikuta asilimia 43 ya wanawake walioolewa katika eneo la Chogoria wanatumia njia za kupanga uzazi, wakati kiwango cha taifa mwaka mmoja kabla kilikuwa asilimia 17. Wataalamu wa idadi ya watu kutoka nchi za mbali walikwenda kujifunza. Mafanikio hayo hayakuletwa na mashine yoyote. Yaliletwa na wauguzi waliojua kuongea na mke bila kumwaibisha, na mume bila kumgombeza, na mama mkwe bila kumdharau. Hapo ndipo kipimo kipya kilipozaliwa, na pengine ndicho bora kuliko vyote: uwezo wa kuaminika nje ya geti la hospitali.

Kisha ukaja UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa mwaka 1984, na Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kuwa ni janga la kitaifa. Katikati ya tarehe hizo mbili wauguzi walibeba mzigo ambao hakuna shule iliyowaandaa kuubeba. Wodi zilijaa vijana wa rika lao wenyewe. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kufika kwa wingi miaka ya 2000 tu. Kabla ya hapo, kuuguza kulimaanisha kuosha, kulisha, kutuliza maumivu na kuiandaa familia. Katika muda huohuo, mashirika ya fedha ya kimataifa yaliibana serikali kupunguza watumishi, na desturi ya mhitimu kupangiwa kituo moja kwa moja ikakoma. Kenya ikajikuta na zahanati zisizo na muuguzi na wauguzi wasio na kazi, kwa wakati mmoja. Mzazi wa Buuri aliyeuza ng'ombe kulipa karo akitarajia mshahara wa serikali alijifunza kwamba cheti na ajira ni vitu viwili.

Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi na washirika wao walianzisha mpango wa kuwasomesha wauguzi waandikishwa zaidi ya 20,000 wafikie ngazi ya usajili, kwa sehemu kubwa kupitia kompyuta, bila kuacha vituo vyao. Wanawake waliokuwa na miaka 20 kazini walijifunza kushika kipanya cha kompyuta baada ya zamu ya usiku. Ile ngazi ya chini waliyowekewa watangulizi wao ikaanza kuondoka.

Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure, na mwaka huohuo huduma za afya zikahamishiwa kaunti. Akina mama walimiminika. Vitanda na watumishi havikuongezeka kwa kasi hiyo. Migogoro ya mishahara iliendelea hadi tarehe 5 Juni 2017, wauguzi wa umma walipoanza mgomo uliodumu takriban miezi mitano. Hospitali za misheni nchini zilipokea wimbi la wagonjwa, na wauguzi wake walifanya kazi za watu wawili na watatu. Mgomo ule uligawanya hata familia za wauguzi. Wapo waliouona kuwa usaliti wa wito, na wapo waliouona kuwa mara ya kwanza wauguzi wa Kenya wanakataa kwa pamoja kupimwa kwa utiifu peke yake.

Mlango mwingine ulifunguka Julai 2021, Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wa Kenya wasio na ajira kufanya kazi huko. Matumaini yalikuwa makubwa, na funzo likaja haraka. Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliojaribu mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Vyuo vikaanza kuwaambia wanafunzi kwamba lugha ni sehemu ya ujuzi. Mei 2022, muuguzi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya uuguzi ya Aster Guardians jijini Dubai, yenye thamani ya dola 250,000, akiwa amechaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 24,000. Hakusifiwa kwa wodi peke yake. Alijenga shule kijijini kwao Torbi, ambako watoto husoma asubuhi na watu wazima mchana, na alipinga ukeketaji na ndoa za mapema. Marsabit inafikiwa kwa barabara ileile inayopita Isiolo, chini ya Kiirua. Kwa mwanafunzi wa huko, huyo ni jirani.

Ndiyo maana swali la kijana wa leo halijibiwi kwa kusema tu kwamba anapenda kusaidia watu. Kupenda kusaidia ni kipimo cha Nyaatha, na bila hicho kazi humchosha mtu mapema. Lakini vipo na vingine. Kipo cha dresa: je, ataweza kusafisha kidonda kinachonuka na bado amtazame mgonjwa usoni? Kipo cha matroni: je, ataandika chati kwa uangalifu saa kumi ya usiku, hakuna anayemwona? Kipo cha Chogoria: je, anaweza kuketi na Mmeru na Mborana na kila mmoja akaondoka akijua amesikilizwa? Kipo cha mwaka 2017: je, anajua thamani ya kazi yake vya kutosha kuidai kwa ustaarabu? Hakuna anayefika chuoni akiwa na sifa zote hizi. Sifa hizo nyingi hufundishika, na miaka mitatu na zaidi ya stashahada imewekwa kwa ajili hiyo.

Kuna vizuizi viwili ambavyo havistahili kumzuia mtu. Cha kwanza ni jinsia. Historia ya mlima huu imejibu hilo mara mbili, kwanza kwa wasichana waliokatazwa leba, sasa kwa wavulana wanaochekwa. Cha pili ni kutetemeka mara ya kwanza. Kuzirai mbele ya kifo au upasuaji wa kwanza ni jambo ambalo wakufunzi wamelizoea, na wengi waliozirai wamekuwa wauguzi hodari.

Vinavyostahili kupimwa kwa makini ni vya kila siku. Zamu za usiku na sikukuu zitaendelea kwa miaka, hata baada ya ndoa na watoto. Ajira ya serikali haina uhakika, hospitali za misheni na za binafsi hulipa kwa viwango tofauti, na safari ya ng'ambo inadai lugha, ada na mitihani mipya. Mwenye wastani wa C katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, na alama zinazotakiwa katika masomo ya msingi, biolojia ikiwemo, anaweza kuomba stashahada. Mwenye C+ ana njia ya shahada, na vyuo vikuu kama Kenya Methodist, hapo Meru, vinaifundisha. Mwanafunzi atapitia wodi ya watoto, ya wazee, ya wagonjwa wa akili, leba na vijiji, kwa hiyo asiamue kwa kufikiria wodi moja aliyowahi kumtembelea ndugu yake.

Njia nzuri ya kuanza ni kuwauliza walio kazini. Muuguzi anayetoka zamu asubuhi atasema kwa dakika kumi mambo ambayo kijitabu cha chuo hakiyasemi: miguu inavyouma, mgonjwa aliyepona akarudi na kuku wa shukrani, mtoto aliyeshindwa kuokolewa. Kijana amuulize pia angefanya nini tofauti kama angeanza upya, na alisikilize jibu lote. Akiisha kuamua, na kabla ya kulipa shilingi ya kwanza ya karo, ahakikishe kwamba shule anayoiendea imo katika orodha ya zile zilizoidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Aliyesoma nje ya orodha hiyo haruhusiwi kufanya mtihani wa leseni, na asiye na leseni hawezi kuajiriwa kihalali kuwa muuguzi katika hospitali yoyote nchini, iwe ya kaunti, ya misheni au ya binafsi.